Nani Ataeleka? Maadili ya Kuamua Kuzaa au Kutozaa

Jumapili moja alasiri nilikuwa kwenye akika katika nyumba moja ya Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mtoto alikwisha kunyolewa, dua ilikwisha kusomwa na sinia za pilau zilikwisha kuzunguka, ndipo shangazi wa mwenye nyumba alipomgeukia mke wa mpwa wake mwingine, aliyeolewa miaka 3 nyuma, akamwuliza mbele ya wanawake wote: “Na nyama ya akika yako, mkwe wangu, tutaila lini?” Binti yule alitabasamu kwa adabu, akajibu, “Mungu akijaalia, shangazi.” Uani, kando ya karai la vyombo, msichana wa miaka kama 12, dada mkubwa wa mtoto aliyekuwa akifanyiwa akika, alikuwa akisugua masufuria huku ameeleka mgongoni ndugu yake mwingine ambaye hajatimiza hata miaka 2. Kanga ya mbeleko ilikuwa imemshuka hadi kiunoni, na kila baada ya muda aliacha steelwaya, akainama, akamrusha mtoto juu kidogo na kuikaza upya. Alikuwa hajala.

Nilirudi nyumbani na mambo hayo mawili kichwani, swali la shangazi na mgongo wa yule msichana, na kadiri nilivyoyafikiri ndivyo nilivyoona kwamba hayawezi kutenganishwa. Swali la “lini” huulizwa katika kila shughuli ya pwani hii, lakini swali la nani ataeleka huulizwa mara chache sana, nalo ndilo ninaloamini kuwa kiini cha maadili ya kuzaa. Wanafalsafa wamelizungukia kwa njia nyingi, wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi, na serikali zimeliingilia kwa nguvu zaidi ya mara moja. Hoja zao zimechanganyika kiasi kwamba mtu anayetaka kuamua kwa dhamiri safi hujikuta akijibu hoja ya riziki kwa hoja ya ukoo, na hoja ya ukoo kwa hoja ya afya.

Tuanze na mtoto mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye fundo gumu kuliko yote. Tunapozungumzia mtu ambaye bado hayupo, lugha hutuponyoka. Mzazi akisema kwamba anamhurumia mtoto ambaye hakumzaa, hakuna mtu yeyote wa kupokea huruma hiyo, maana aliyenyimwa maisha hayupo mahali popote akiyasubiri. Mwaka 1967 mwanafalsafa Jan Narveson alieleza kwamba wajibu wetu ni kuwafanya watu waliopo wawe na furaha, na kwamba hatuna wajibu wa kuzalisha watu wapya ili furaha iongezeke duniani. Hoja hiyo peke yake inaondoa lawama wanayobebeshwa wasiozaa kwamba wamemnyima mtu uhai.

David Benatar, mwanafalsafa wa Afrika Kusini, aliivuta hoja hiyo mbali zaidi mwaka 2006. Kwake yeye, kutokuwepo kwa maumivu ni jambo jema hata kama hakuna mtu wa kulifurahia, lakini kutokuwepo kwa raha si jambo baya ikiwa hakuna mtu anayeikosa. Ukiweka mambo hayo mawili kwenye mizani, asiyezaliwa hapotezi chochote na huepuka kila dhiki, na kwa hiyo, anasema Benatar, kuzaa daima ni kumdhuru anayezaliwa. Sikubaliani naye. Watu wengi ninaowajua, pamoja na wale waliofiwa, waliougua na waliolala na njaa, hawayapimi maisha yao kwa kuhesabu maumivu tu, na sioni haki ya mtu mwingine kuwaambia kwamba wamekosea katika hesabu ya maisha yao wenyewe. Hata hivyo kuna punje ya kweli ndani yake ambayo kila mzazi ameisikia kutoka kinywani mwa kijana aliyekasirika: “Sikukuomba unizae.” Hakuna aliyezaliwa kwa ridhaa yake. Mwanafalsafa mwingine, Seana Shiffrin, katika maandishi yake ya mwaka 1999, alilitazama jambo hili kwa makini zaidi. Kuzaa si lazima kuwe kosa, lakini ni kumbebesha mtu mwingine mzigo wa maisha bila kumwuliza, na anayembebesha mwenzake mzigo kwa namna hiyo ana deni kwake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye msingi wa wajibu wote wa mzazi. Mtoto hana deni la kuzaliwa, mwenye deni ni aliyemleta, na wahenga walilifupisha jambo hilo waliposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Fundo linakazana zaidi tunapofika kwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao katika mwambao huu si mfano wa vitabuni. Kinasaba chake kimeenea katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, kwa sababu mtu aliyerithi nakala moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali na kwa kawaida hauugui ugonjwa wenyewe. Taabu huanza wazazi wote wawili wanapokuwa na nakala moja moja. Kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kumleta mtoto mgonjwa, nafasi 2 kati ya 4 za kumleta mtoto mwenye nakala moja kama wao, na nafasi 1 ya kumleta asiye nayo kabisa. Nasisitiza neno “kila”, kwa sababu nimesikia watu wakiamini kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamekwisha kusalimika, ilhali kila mimba huanza hesabu upya. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kwa mwaka.

Sasa tuwafikirie mume na mke waliopimwa damu na kuambiwa kwamba wote wawili wana nakala moja moja. Wakizaa na mtoto akaugua, je, wamemkosea? Derek Parfit, mwanafalsafa wa Uingereza, alionyesha mwaka 1984 kwa nini swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtoto huyo hawezi kusema kwamba wazazi wake wangesubiri mwezi mwingine, au kila mmoja angeoa na kuolewa kwingine, basi yeye angezaliwa akiwa mzima, kwa sababu katika hali hizo angezaliwa mtu mwingine kabisa, na yeye asingekuwepo. Ikiwa maisha yake, pamoja na maumivu ya mifupa na safari za kuongezewa damu, ni maisha anayoyapenda, basi hakuna mtu aliyefanywa kuwa na hali mbaya kuliko ambayo angekuwa nayo. Parfit mwenyewe alitumia pia mfano wa msichana wa miaka 14 anayetaka kuzaa sasa badala ya kungoja: mtoto atakayezaliwa sasa si yule ambaye angezaliwa baadaye, na kwa hiyo hatuwezi kumwambia msichana yule kwamba anamdhuru mtoto “wake”. Hata hivyo karibu sote tunahisi kwamba ni heri angengoja.

Nimelitafakari fumbo hili kwa muda mrefu, nami naona linatufundisha kwamba tumekuwa tukiitafuta lawama mahali pasipo pake. Tukidhani kwamba kosa la mzazi lazima liwe dhara alilotendewa mtoto fulani kwa kuzaliwa, hatutalipata. Kosa, likiwepo, limo katika namna wazazi walivyojiandaa kulipa lile deni. Wenye selimundu wanaopata huduma ya mapema, dawa ya haidroksiyurea, kinga ya maambukizi na watu wa kuwashika mkono wakati wa maumivu huishi, husoma, hufanya kazi na kuoa, na yeyote anayesema kwamba wasingepaswa kuzaliwa anawatukana watu walio hai. Lakini wazazi waliokwisha kujua majibu yao, wakazaa bila kufikiri dawa itatoka wapi, kliniki iko umbali gani na nani ataacha kazi siku mtoto atakapolazwa, wamekopa huku wakijua hawana nia ya kulipa. Kupima kabla ya ndoa kwa hiyo ni jambo la maadili hata kwa mtu ambaye tayari ameazimia kuzaa liwalo na liwe.

Mfano wa msichana wa Parfit una uzito wa pekee kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na ingawa Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, mjadala wote wa “kuamua” unabaki kuwa kejeli kwa binti ambaye uamuzi ulifanywa na wengine.

Baada ya mtoto, anayedai ni ukoo. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jamii nyingi za Afrika aliyekufa huendelea kuishi maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na kwamba kufa bila mtoto ni kuuzima moto wa uhai huo. Hapa pwani tunalijua jambo hili kwa desturi ya kumpa mjukuu jina la babu au bibi, na nimemwona mzee akimwita mjukuu wake “somo yangu” kwa sauti ambayo hakumpa mtu mwingine yeyote. Sidharau dai hilo. Shangazi anapouliza “lini” anaulizia pia jina la kaka yake aliyefariki, na mtu anayeamua kutozaa hana budi kujua kwamba kuna watu watakaohuzunika kwa kweli. Huzuni yao inastahili kusikilizwa na kujibiwa kwa upole. Haiwezi, hata hivyo, kugeuzwa kuwa hati ya deni juu ya mwili wa mtu mwingine.

Mila yetu wenyewe inalijua hilo kuliko tunavyokiri. Katika ada za harusi za Waswahili, pamoja na mahari na kilemba cha baba, hutolewa mkaja wa mama na mbeleko. Mkaja ni ile nguo aliyojifunga mama tumboni baada ya kujifungua, na mbeleko ni ile aliyomwelekea mwanawe. Wazee walioweka ada hizo walitambua kwamba kuna mwili uliogharimika, na kwamba gharama hiyo hutajwa kwa jina na kulipwa mbele ya watu. Ajabu ni kwamba tunamlipa mama gharama ya mtoto aliyekwisha kukua, lakini hatumwulizi kama yuko tayari kwa gharama ya mtoto ajaye. Na gharama hiyo si ya kusadikika. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa, vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015–16, vikashuka hadi 104 mwaka 2022. Kushuka huko ni heri kubwa iliyotokana na kazi ya wakunga na waganga wengi, lakini kila mmoja wa hao 104 alikuwa na arobaini yake ambayo haikutimia.

Na gharama haiishii kwa mama. Wanawake wa Tanzania walikuwa wakizaa kwa wastani zaidi ya watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Katika nyumba ambamo mama anakwenda kununua samaki alfajiri na baba yuko baharini au kwenye bodaboda, mtoto wa tatu na wa nne huelekwa na dada yao. Kusaidia kulea wadogo si dhuluma, nami mwenyewe nimelelewa na dada yangu na ninamwombea dua kila siku. Lakini dada yangu aliacha shule darasa la sita, na hakuna mtu aliyekaa naye akamwuliza. Wanafalsafa niliowataja wameandika kurasa nyingi juu ya ridhaa ya mtoto ambaye hajazaliwa na asiyeweza kuulizwa, lakini ridhaa ya msichana aliye uani, ambaye anaweza kuulizwa leo hii, sikuikuta katika hoja zao.

Watu husema mtoto ni akiba ya uzeeni. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba tusimtumie mtu kama chombo tu, na kwa kipimo hicho kuzaa ili upate wa kukutunza kunaonekana kuwa na doa. Nadhani hukumu hiyo ni nyepesi mno kwa mazingira yetu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70. Huku Bara mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga au mkulima wa Muheza asiye katika mfuko wa hifadhi hana mfano wa hiyo, na kutumaini watoto ni njia pekee ambayo jamii imemwachia. Kant hakukataza kumtegemea mtu, alikataza kumtegemea mtu huyo kana kwamba hana maisha yake mwenyewe. Doa huingia pale mtoto anapozaliwa na ramani ya kazi zake imekwisha kuchorwa: huyu atanijengea, huyu atanizika.

Katika dini ninayoijua vizuri zaidi, mjadala ni mpana kuliko unavyosimuliwa vibarazani. Aya ya 31 ya Sura ya 17 inakataza kuwaua watoto kwa kuogopa umaskini, na inasema Mwenyezi Mungu ndiye anayewaruzuku wao na wazazi wao. Aya hiyo inazungumzia watoto waliokwisha kuzaliwa, na kuifanya iwe amri ya kuzaa bila kupumzika ni kuitwika isichosema. Masahaba walifanya azl, yaani kumwaga nje, na imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba walifanya hivyo Qur'ani ikiwa inateremshwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na aliyekuwa wa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani yetu, aliruhusu azl na kutaja miongoni mwa sababu zake kuhofia uhai wa mke wakati wa kujifungua na kuogopa taabu ya wingi wa watoto. Wakatoliki, ambao Papa Paulo wa Sita aliwathibitishia kwa waraka wa mwaka 1968 katazo la njia zisizo za asili, waliambiwa katika waraka uleule kwamba wazazi wanaweza, kwa sababu nzito, kuahirisha kupata mtoto mwingine. Na aya ya 233 ya Sura ya 2, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, inasema kwamba hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya hapo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Mtoto aliyekuwa mgongoni pale uani na yule aliyekuwa akinyolewa hawakupewa nafasi hiyo.

Serikali zinapoingia chumbani mwa watu, historia inatisha. China ilizibana familia nyingi zizae mtoto mmoja tu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 2015, na India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, iliwafunga uzazi mamilioni ya watu, wengi wao maskini, kwa vitisho na kwa hila. Mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu na maendeleo uliofanyika Cairo mwaka 1994 uliitikia uchungu huo kwa kusisitiza kwamba wanandoa na watu binafsi wana haki ya kuamua kwa hiari na kwa uwajibikaji idadi ya watoto wao, nafasi kati yao na wakati wa kuwapata. Nchini kwetu chama cha UMATI kimefanya kazi ya uzazi wa mpango tangu mwaka 1959, na Nyota ya Kijani ikawa alama inayojulikana zahanati zote, ilhali mwaka 2018 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba wanaotumia njia hizo wanakwepa kufanya kazi ya kulisha familia kubwa. Hoja ya hewa ya ukaa, ambayo vijana wa Ulaya huitaja wanapokataa kuzaa, ina uzito mdogo hapa: Mmarekani mmoja huzalisha takriban tani 14 kwa mwaka, na Mtanzania hafiki hata tani 1. Hoja ya ardhi na madawati ina uzito zaidi, kwa kuwa tulikuwa milioni 12.3 mwaka 1967 na 61,741,120 mwaka 2022. Lakini hata hiyo inamdai serikali shule kabla ya kumdai mama tumbo lake.

Wamebaki wasio na watoto. Kwa kawaida mwanamke huitwa tasa kabla mume hajapimwa, wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake, na sababu zake hutoka kwa wanaume kama zinavyotoka kwa wanawake. Swali la “lini” humchoma asiyeweza na humsonga asiyetaka, na mwulizaji hana njia ya kujua yumo nani mbele yake. Wengi humtupia mtu kama huyo methali isemayo asiye na mwana aeleke jiwe, wakidhani ni kebehi. Nilivyoisikia kwa wazee, methali hii ilitumika kuwaita watu wote wajitokeze kwenye jambo la wote, kila mtu na alicho nacho mgongoni, na asiye na mwana hakuachwa nyumbani.

Yule binti aliyeulizwa aliniambia baadaye, na kwa ruhusa yake naandika bila kumtaja, kwamba yeye na mumewe walipima damu mwaka jana na wote wawili wana nakala moja ya selimundu. Hawajaamua. Siku ile ya akika, tulipokuwa tukiaga mlangoni, shangazi alimrudia mume mwenyewe kwa swali lilelile, na kijana akamshika mkono akamwambia kwa utulivu, “Tunashauriana, shangazi. Tukikubaliana wewe utakuwa wa kwanza kujua.” Bibi yule alimtazama kwa muda, kisha akasema, “Haya, shaurianeni.” Akapita katikati yetu hadi uani, akaifungua kanga mgongoni mwa yule msichana, akamchukua mtoto na kumfunga mgongoni mwake mwenyewe, akamwambia, “Mwanangu, nawa mikono ukale.”